Lumuma: Bonde la Vitunguu na Ndege

Watu wengi wakisikia habari za kwenda kutazama wanyama, mara moja hufikiria Serengeti, Ngorongoro au Mikumi. Hufikiria magari yenye paa lililofunguliwa, darubini za bei kubwa na wageni kutoka Ulaya. Mama mwenye watoto wanne na mshahara wa mwalimu hujiambia, "Mambo hayo si yetu." Kumbe viumbe wengi wa nchi yetu hawaishi ndani ya hifadhi. Wanaishi kandokando ya mito midogo, mashambani, juu ya miembe na mikuyu, pengine hatua chache tu kutoka mlango wa jikoni.

Bonde moja la namna hiyo ni Lumuma, wilayani Kilosa, mkoani Morogoro. Tulikwenda huko wakati wa kiangazi, akina mama sita na watoto tisa, tukakaa siku tatu. Tungependa kuwaeleza tuliyoyaona, na zaidi ya hayo namna ya kuyaona bila kuwadhuru wenyeji. Maana anayekwenda bonde kama hili ana wenyeji wawili: wanyama na ndege walioko, na mkulima anayeishi nao mwaka mzima. Ukimheshimu mmoja na kumsahau mwingine, ziara yako haijawa njema.

MAHALI PENYEWE

Lumuma iko magharibi ya mji wa Kilosa, mahali ambapo mkoa wa Morogoro unapakana na wilaya ya Mpwapwa ya mkoa wa Dodoma. Familia inayotoka Dar es Salaam au Dodoma inaweza kufika Kilosa kwa gari, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme nayo inapita huko. Kutoka Kilosa kwenda juu bondeni barabara ni ya vumbi, na wakati wa masika ni vema kuulizia hali yake kabla ya kufunga mizigo.

Hapa ni nchi ya milima ya Rubeho. Wasagara na Wakaguru ni wenyeji wa zamani wa sehemu hizi, na leo wamo pia watu wa makabila mengine waliokuja kwa kilimo, ufugaji na biashara. Katikati ya bonde unapita mto Lumuma, na kutoka mtoni wakulima wamevuta mifereji ya kumwagilia vitunguu. Ukisimama mahali palipoinuka unaona matuta ya kijani yamepangwa kama mistari ya daftari, na wanawake wameinama wakipalilia, wengine na watoto mgongoni.

Mto huu ni mdogo, lakini safari yake ni ndefu. Maji ya Lumuma hushuka hadi Mkondoa, yakapita Kilosa, yakaingia katika mto Wami, na mwisho yakafika Bahari ya Hindi kwenye Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Kwa hiyo maji yaliyonywesha kitunguu chako juu bondeni ndiyo hayo watakayoogelea viboko kule chini karibu na bahari. Anayeyachafua hapa, anamchafulia jirani asiyemjua.

HODI KABLA YA KUINGIA

Sote tumelelewa kupiga hodi. Hakuna mama anayeingia nyumba ya mwenziwe akapita moja kwa moja hadi jikoni. Basi kijiji nacho kina mlango wake. Jambo la kwanza tulilofanya ni kwenda ofisi ya mtendaji wa kijiji, tukaandika majina yetu katika kitabu cha wageni na kueleza tumekuja kufanya nini. Pale tulipewa kijana wa kutuongoza, tukakubaliana naye malipo mbele ya mtendaji ili baadaye pasiwe na maneno.

Faida ya kufanya hivyo ni kubwa. Kijana yule alijua shamba la nani liko wapi, njia ipi ni ya watu wote na ipi ni ya kwenda kwa mtu, na sehemu gani ya mto ni ya akina mama kuoga na kufua. Mgeni asiye na kiongozi angeweza kufika pale na simu yake mkononi akitafuta kupiga picha za ndege. Fikiria mwenyewe, mama msomaji, ungejisikiaje kumwona mtu wa aina hiyo wakati uko mtoni.

Tulikubaliana pia jambo moja kuhusu picha za watu: hakuna kumpiga mtu picha bila kumwomba, na mtoto aombewe kwa mzazi wake. Mkulima anayepalilia kitunguu si sehemu ya mandhari. Ni mtu aliye kazini.

TULIYOYAONA

Saa ya kwenda kutazama ni alfajiri. Tulitoka saa kumi na mbili, jua halijapanda, watoto wamevaa masweta. Kabla ya saa tatu tulikuwa tumeona zaidi ya tutakayoona siku nzima, kwa kuwa jua likishakuwa kali ndege hunyamaza na wanyama hutafuta kivuli.

Wa kwanza walikuwa yangeyange, wale ndege weupe wenye miguu mirefu. Walikuwa wakiwafuata ng'ombe na wakulima, maana kila jembe linapopinduliwa udongo wadudu hutoka, nao hula. Mtoto mmoja aliuliza, "Kwa nini hawaogopi jembe?" Kiongozi akajibu, "Kwa sababu jembe halijawahi kuwapiga." Jibu lile lilitutosha kwa asubuhi ile.

Mbele kidogo, juu ya mti ulioinamia maji, tulionyeshwa kiota cha fundichuma. Ndege mwenyewe ni wa rangi ya kahawia, si mkubwa kuliko kuku, na kichwa chake kina kishungi nyuma kinachokifanya kifanane na nyundo. Lakini kiota chake! Ni rundo la vijiti na matope, pana kuliko sinia la ubwabwa wa harusi, limefunikwa juu kama nyumba na kuachiwa mlango mdogo upande. Mume na mke hujenga pamoja, kwa majuma mengi. Sehemu nyingi za Afrika watu humwogopa ndege huyu na kusema ni mkosi kumsumbua. Tukawaambia watoto wetu kwamba hana mkosi wowote, ila sababu za kutomsumbua tunazo nzuri zaidi: amefanya kazi ngumu, na ndani ya nyumba yake pengine mna watoto.

Tuliona mdiria, ndege mdogo mwenye mgongo wa buluu na mdomo mrefu kama sindano ya kushonea magunia, akichupa majini na kutoka na kisamaki. Tuliona kenge akiota jua juu ya jiwe. Tuliona tumbili mama amembeba mtoto tumboni, anakula huku jicho moja liko kwetu. Watoto walitaka kusogea. Tukawazuia.

Usiku tukiwa tumelala tulisikia kilio kama cha mtoto mchanga kutoka mtini. Wenzetu wawili waliketi kitandani kwa mshtuko. Alikuwa komba, mnyama mdogo wa usiku mwenye macho makubwa. Mwenyeji wetu alicheka na kusema, "Mama, huyo ni jirani yetu. Analia kila siku, na hakuna anayekwenda kumbembeleza."

NDEGE ALIYEPATIKANA KWENYE SUFURIA

Msidhani kwamba kila kilichoko kwenye milima yetu kimeshajulikana. Mwaka 1991 watafiti waliopiga kambi katika milima ya Udzungwa, kusini ya hapa, waliona miguu ya ndege ndani ya chungu cha chakula. Miguu ile haikufanana na ya ndege yeyote waliyemjua. Walipofuatilia wakamkuta ni aina ya kwale wa msituni ambaye hakuwa ameandikwa katika kitabu chochote, na jamaa zake wa karibu wanadhaniwa kuwa wako Asia. Wenyeji walimfahamu siku zote, tena kwa ladha yake. Baadaye ndege wa jamii hiyo akapatikana pia katika misitu ya Rubeho, na mwaka 2005 akatambuliwa kuwa ni aina ya peke yake.

Sisi tuliokaa jikoni miaka mingi tulilipenda sana jambo hili. Linaonyesha kwamba elimu haitoki kwa wageni peke yao. Mama anayejua ndege gani analia lini, mti gani una matunda ya kima, na nyoka gani hupenda ghala, ana maktaba kichwani. Kinachosikitisha ni kwamba mara nyingi hatuwaulizi hadi wamekwisha kuondoka duniani.

Kwale yule haishi mtoni kwenye vitunguu. Anaishi juu kwenye misitu ya milimani, na hatukwenda kumtafuta. Ndege mwenye makao madogo namna ile hahitaji kundi la watu kumi na watano wakikanyaga majani yake. Kujua kwamba yuko kulitutosha.

NAMNA YA KUTAZAMA

Tuliwafundisha watoto kanuni moja ambayo hata mwenye miaka mitano aliielewa: mnyama akiacha alilokuwa akifanya kwa ajili yako, umekaribia mno. Tumbili akiacha kula na kukukazia macho, rudi nyuma. Ndege akianza kupiga kelele na kurukaruka bila kuondoka, kiota chake kiko karibu. Ondokeni pale upesi, maana kila dakika anayokaa nje mayai yanapoa, au makinda yanapigwa na jua.

Mengine ni haya:

Kaeni kimya, mketi. Mtu anayekaa kitako chini ya mti kwa nusu saa huona mengi kuliko anayetembea kutwa. Watoto wapewe kazi ya kuhesabu au kuchora, nao watatulia.

Vaeni nguo zisizong'aa. Rangi ya udongo au kijani kilichofifia hufaa. Na kwa atakayekwenda Mikumi, aache nyumbani nguo za buluu na nyeusi, kwani mbung'o huvutwa na rangi hizo.

Msiwalishe wanyama. Tutaeleza sababu mbele kidogo.

Msimulike kwa taa machoni mwa komba au bundi ili kupata picha. Wanyama wa usiku wana macho ya kuonea gizani, na mwanga mkali huwapumbaza. Vilevile siku hizi simu zina sauti za ndege. Msizipige karibu na viota, kwa kuwa ndege hudhani ameingiliwa na adui, akaacha makinda na kwenda kupigana na kivuli.

Watoto wasiogelee wala kuchezea maji yaliyotuama. Kichocho hakichagui mgeni na mwenyeji. Na penye mto mkubwa, kama Wami, pana viboko na mamba. Usisimame kamwe kati ya kiboko na maji.

Msimguse mnyama yeyote, hata akionekana mgonjwa au mpole. Akimng'ata mtoto, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kisha mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu ya hatari ya kichaa cha mbwa.

UPANDE WA MKULIMA

Siku ya pili mama mmoja mwenyeji alituketisha kwenye mkeka, akatupa chai na mihogo ya kuchemsha. Mmoja wetu alikuwa akisifu tumbili wa asubuhi, jinsi alivyombeba mtoto wake. Mama yule alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole, "Ni kweli, dada zangu, anapendeza. Lakini ninyi mmemwona asubuhi moja. Mimi ninamwona kila asubuhi, na mahindi yangu anayaona vilevile."

Alitueleza jinsi mahindi yanapokomaa inavyobidi mtu akae shambani tangu kupambazuka hadi giza. Nyani na tumbili hawana Jumapili. Ukienda kuteka maji, wameingia. Ukienda kliniki na mtoto, wameingia. Mara nyingi anayebaki kuamia shamba ni mama mwenyewe au mtoto, na mtoto aliyeko shambani hayuko darasani. "Ukiona mtoto anatupa jiwe," alisema, "usidhani hana adabu. Analinda ada yake ya shule."

Maneno hayo yalitunyamazisha. Sisi wa mijini ni wepesi kusema wanyama wahifadhiwe, kwa kuwa si unga wetu unaoliwa. Wilayani Kilosa kuna vijiji vilivyofikiwa na tembo mashambani, na tembo mmoja kwa usiku mmoja anaweza kumaliza chakula cha familia cha mwaka. Serikali ina malipo yanayoitwa kifuta jasho kwa aliyeharibiwa mazao, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Majina yenyewe yanasema kweli: jasho linafutwa tu, halirudishwi.

Kwa hiyo mgeni anayetaka kutazama wanyama kwa haki ana deni kwa mkulima. Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Tulijaribu kulipa deni hilo kwa njia hizi. Tulinunua chakula chetu palepale kijijini badala ya kubeba kila kitu kutoka mjini. Tulilala kwa wenyeji na kulipa. Tulinunua vitunguu shambani bila kubishania bei hadi mwuzaji akachoka. Na tulikaa na wanawake jioni moja kusikiliza na kueleza tuliyosikia kwingine.

Mojawapo lilikuwa habari ya nyuki. Nchini Kenya watafiti waligundua kwamba tembo wanaogopa nyuki, wakasaidia wakulima kutundika mizinga kuzunguka mashamba, ikiunganishwa kwa waya. Tembo akigusa waya mizinga hutikisika, nyuki hutoka, naye hugeuza njia. Baadaye uzio huo ulijaribiwa pia Tanzania, karibu na Udzungwa. Haumalizi tatizo lote, na unataka matunzo, lakini mwenye shamba anapata asali juu ya mahindi yake. Akina mama wale waliuliza maswali mengi: mizinga mingapi, nani atarina, nyuki watakuwa umbali gani na watoto. Hatukuwa wataalamu, tukawashauri wapeleke maswali kwa afisa nyuki na afisa wanyamapori wa wilaya.

USIMLIPE MTOTO KWA KINDA

Tulipokuwa tukitoka mtoni, kivulana mmoja alitujia mbio, mikono ameikunja kifuani. Alipoifungua, ndani mlikuwa na kinda la ndege, halina manyoya bado, linatweta. "Mama, nipe mia tano," alisema. Uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyeleta zawadi.

Hapa ndipo moyo wa mama hupata taabu. Mtoto yule hakuwa mkatili. Alikuwa amekwisha kuona kwamba wageni hupenda ndege, na wageni wana fedha. Kama tungetoa ile mia tano, kesho wangekuja watoto kumi na makinda kumi, na keshokutwa mti ule ungebaki na viota vitupu. Kama tungemkaripia, angejifunza tu kwamba wageni ni wakali.

Mwenzetu mmoja aliinama akamwuliza kwa upole alikolitoa. Akaenda naye, wakalirudisha kiotani. Watu wengi huamini kwamba mama ndege atalikataa kinda lililoguswa na mkono wa mtu. Kwa kawaida sivyo, na kulirudisha upesi ni bora kuliko kuliacha life. Baadaye alimwomba mtoto yule atuonyeshe viota vingine vitano bila kuvigusa, sisi tukisimama mbali. Alituonyesha saba. Malipo yake yalipelekwa kwa mama yake, pamoja na maelezo: fedha hii ni ya macho yake mazuri, si ya kukamata.

Tunawaomba akina mama wote wanaosafiri na watoto walishike hili. Tunacholipia ndicho kitakachoongezeka. Ukilipia kinda lililokamatwa, yatakamatwa mengi. Ukilipia kiota kilichoachwa, vitaachwa vingi. Sheria nayo iko wazi: tangu zamani, na kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, wanyamapori ni mali ya umma chini ya serikali, na kuwawinda au kuwakamata bila kibali ni kosa.

MITA SITINI ZA MTO

Jambo jingine tuliloona ni ukingo wa mto. Palipobaki miti na matete, palikuwa na ndege wengi, kivuli, na maji yaliyopoa. Palipolimwa hadi majini, ukingo ulikuwa umemeguka, na maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwa mtu mwenye robo eka tu, mita hizo 60 pengine ndizo shamba lake zima, na ndiyo maana kulisema ni rahisi kuliko kulitenda.

Lakini watu wa Kilosa wanajua gharama ya ukingo uliovuliwa nguo. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliwaacha maelfu bila makazi, na reli ya kati ikakatika katika bonde la Mkondoa. Mvua ilikuwa kubwa, ni kweli. Ila udongo uliotoka vilimani na kujaza vitanda vya mito ulizidisha madhara. Mti unaomhifadhi mdiria ndio huohuo unaoshika udongo wa jirani aliye bondeni. Hapa maslahi ya ndege na ya mwanadamu ni kitu kimoja, wala hayahitaji kushindana.

NYANI WA BARABARANI

Baadhi yetu tulirudi nyumbani kwa njia ya Mikumi, na huko tuliliona somo la kutolisha wanyama kwa macho yetu. Hifadhi ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, ina ukubwa wa kilometa za mraba 3,230, na barabara kuu ya Morogoro hadi Iringa inaikata katikati kwa kilometa 50 hivi. Abiria wa basi huona twiga, pundamilia, swala, hata tembo, bila kulipa kiingilio chochote. Ni neema ambayo wengi wetu tunaipita tukiwa tumelala.

Kando ya barabara ile wamekaa nyani. Dirisha likifunguka, likatoka ganda la ndizi au gunzi la hindi, nyani hukimbilia lami. Nyuma ya basi lako linakuja lori. Mkono uliotupa ndizi ulikuwa wa huruma, lakini umemwita mnyama kwenye kifo. Na yule anayepona hujifunza kwamba mtu ni chakula, kesho atamnyang'anya mtoto andazi mkononi, na siku moja atang'ata. Hapo atapigwa risasi, na watu watasema nyani ni wabaya.

Mkisafiri njia ile, wekeni mfuko wa taka kitini, mfunge madirisha penye nyani, na dereva akizidisha mwendo mwambieni kwa adabu apunguze. Mabango ya mwendo na faini za kugonga wanyama yapo. Sauti ya akina mama watatu ndani ya basi, nayo si haba.

ANZA KWAKO

Pengine hutafika Lumuma mwaka huu wala mwaka ujao. Si lazima. Mwembe ulio nyuma ya nyumba yako una wakazi. Wape watoto daftari moja, waandike kila jioni: ndege gani amekuja, alikula nini, alilala wapi, kiota kina siku ngapi. Wakitaka kurusha jiwe, waambie wahesabu kwanza hadi ishirini huku wakimtazama. Mara nyingi wakifika ishirini wamesahau jiwe.

Na yule bundi anayelia juu ya paa, msimwue kwa hofu ya mkosi. Bundi hula panya, tena kadhaa kwa usiku mmoja, na panya ndio wanaomaliza mahindi ya ghalani. Mama wa nyumbani hana mlinzi wa bei rahisi kuliko huyo: halali, hadai mshahara, na anachotaka ni kuachwa tu.